Vitendo Viwili kwa Wakati Mmoja: Kazi ya -ki-

Katika toleo hili tunaeleza jambo linalowatatiza wanafunzi wengi wa Arua na Koboko: jinsi ya kueleza vitendo viwili vinavyotendeka kwa wakati mmoja.

Kitenzi kikuu hubeba wakati, na kitenzi cha pili huchukua kiambishi -ki-: "Walisafiri kutoka Arua hadi Koboko wakiimba." Neno "huku" hutilia mkazo: "Aliuza mihogo huku akihesabu pesa." Tukisema "Aliuza mihogo akahesabu pesa", maana hubadilika: kwanza aliuza, kisha akahesabu.

Tofauti hizi si ndogo. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na polisi na wanajeshi walikitumia tangu zamani. Tuchukue mfano wa ushahidi. "Nilimwona akivunja kufuli" maana yake shahidi alikiona kitendo chenyewe. "Nilimwona amevunja kufuli" maana yake alifika kitendo kikiwa kimekwisha. Anayechanganya -ki- na -me- anaweza kumponza mtu.

Wasemaji wa Kinubi, lugha iliyotokana na Kiarabu cha askari waliotoka Sudani katika karne ya 19, wana jambo la ziada la kuangalia. Kinubi kina kiambishi gi- cha kitendo kinachoendelea: "ana gi-akulu" ni "mimi ninakula". Gi- na -ki- hukaribiana kwa sauti, lakini si kwa kazi. Gi- huweza kukamilisha sentensi, ilhali -ki- hutegemea kitenzi kingine. Ukisema "Mimi nikila" ukanyamaza, msikilizaji atangoja: ukila, kutatokea nini? Hapo amesikia sharti.

Tukumbuke pia mambo mawili. Kwanza, vitenzi vya silabi moja havichukui ku- baada ya -ki-: tunasema "akila", si "akikula", ingawa "anapokula" ni sahihi. Pili, -sipo- hukanusha -ki- ya sharti, si hii ya wakati mmoja. Basi hatusemi "Walisafiri wasipoimba", bali "Walisafiri bila kuimba".

Zoezi: simulieni siku moja sokoni Koboko kwa sentensi sita, tatu zenye -ki- na tatu zenye -ka-. Kisha badilishaneni viambishi hivyo, mwone ni nani aliyefanya nini, na lini.