Kwa nini gemu mpya inakunyanyasa wewe uliyeimaliza ile ya zamani?

Fikiria umekaa kwenye benchi la banda la gemu, uchochoro wowote ule wa Gerezani au Kariakoo. Pedi iko mkononi, matokeo ni 1-1, dakika ya 88. Mshambuliaji wako amebaki yeye na kipa. Kidole gumba kinabonyeza mraba, kama kilivyobonyeza maelfu ya mara huko nyuma. Lakini mchezaji hapigi shuti. Anainua mpira juu, unakatiza mbele ya goli na kutoka nje. Benchi zima linacheka. Sheria ya banda unaijua: anayefungwa anampisha mwingine, na hela ya gemu inatoka mfukoni mwake.

Kama umekulia kwenye PES halafu siku moja ukakuta mwenye banda kaweka FIFA, hii hali unaifahamu vizuri. Kwenye PES, mraba ni shuti na duara ni krosi au pasi ndefu. Kwenye FIFA ni kinyume chake: duara ndiyo shuti, mraba ndiyo krosi. Mpira ni uleule, pedi ni ileile, na timu ni ileile unayoichagua kila siku. Vitufe viwili tu vimebadilishana kazi, na wewe fundi wa mtaa unapigwa na dogo aliyeanza kushika pedi mwezi jana.

Mimi nimecheza gemu tangu zile za kaseti za kuchomeka, na nimefuata mfululizo wa matoleo mengi: la kwanza, la pili, la tatu, hadi namba zikaisha wakaanza kutumia miaka. Kila toleo jipya linaleta swali lilelile: kwa nini uzoefu ambao ulipaswa kunisaidia, wakati mwingine ndio unaonifunga? Wanasaikolojia wamelifanyia kazi swali hili kwa zaidi ya miaka 100, na majibu yao yanahusu mambo mengi nje ya banda la gemu, yakiwemo mambo ya kufa na kupona.

Ujuzi unahama, lakini hauhami wote

Mwaka 1901, Wamarekani wawili, Edward Thorndike na Robert Woodworth, walichapisha tafiti kuhusu jambo hili. Enzi hizo wengi waliamini kuwa akili ni kama msuli: ukiinoa kwa somo moja gumu, inakuwa kali kwa kila kitu. Thorndike na Woodworth wakapima, wakaona sivyo. Ujuzi unahama kutoka kazi moja kwenda nyingine kwa kiasi ambacho kazi hizo mbili zinafanana sehemu zake. Zikifanana sana, unahama sana. Zisipofanana, unaanza karibu na sifuri.

Hii ndiyo sababu toleo la pili la gemu unayoijua ni tamu. Hufundishwi upya maana ya ofsaidi, hujifunzi upya kutembeza mchezaji kwa kidole cha kushoto. Unaingia na mtaji. Waliotoka PES moja kwenda PES ya mwaka uliofuata walikuwa wanahitaji mechi chache tu, basi, kazi inaendelea.

Sasa, kama kufanana ndiko kunakosaidia, PES na FIFA si zinafanana kuliko PES na gemu ya magari? Mbona basi aliyetoka PES anateseka zaidi kwenye FIFA kuliko anavyoteseka kwenye gemu ya magari asiyowahi kuicheza?

Jibu lilipangwa vizuri na Charles Osgood mwaka 1949. Alitenganisha vitu viwili: kile unachokiona, na kile unachotakiwa kukifanya ukikiona. Ukiona kitu kilekile na kutakiwa kufanya kilekile, ujuzi wa zamani unakusaidia. Ukiona kitu kipya kabisa, ujuzi wa zamani haukusaidii sana wala haukuumizi. Balaa liko hapa: ukiona kitu kilekile, halafu ukatakiwa kufanya kitu tofauti, ujuzi wa zamani unakupiga vita. Goli liko mbele, kipa anatoka, picha ni ileile ya miaka yote. Ubongo unaijua picha na jibu lake analo tayari. Kidole kimeshaenda kwenye mraba kabla hujafikiri.

Kwa hiyo yule dogo wa mwezi jana hakukuzidi akili. Yeye hana jibu la zamani la kupigana nalo.

Kidole kinajua kabla yako

Ulipoanza kucheza, kila kitufe ulikuwa unakifikiria. Unaangalia pedi, unaangalia skrini, unaangalia pedi tena. Hatua hiyo inatumia sana sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kuamua, ambayo ni ya polepole na haiwezi kubeba mambo mengi kwa pamoja. Kadiri unavyorudia, kazi inazidi kushikwa na maeneo mengine, yakiwemo viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo vinavyohusika na mazoea. Huko mambo yanaenda haraka na bila wewe kuyasimamia. Ndiyo maana fundi wa gemu anaweza kufunga goli huku anapiga stori kuhusu Simba na Yanga.

Lakini kasi hiyo ina gharama yake: mazoea hayasikilizi maelekezo. Unaweza kujiambia "duara, duara, duara" na ukajua kabisa kwamba ni duara, ila ikifika sekunde ya presha, mazoea yanawahi. Kujua na kuzoea ni vitu viwili tofauti.

Mhandisi wa Marekani, Destin Sandlin, alionesha jambo hili kwa namna ya kuchekesha. Alitengenezewa baiskeli ambayo ukigeuza usukani kushoto, tairi linaenda kulia. Kanuni hiyo unaielewa ndani ya sekunde tano. Kuiendesha kulimchukua miezi 8, akifanya mazoezi kidogo kidogo kila siku. Mtoto wake mdogo alitumia kama wiki mbili. Na Sandlin alipokuja kupanda baiskeli ya kawaida, akakuta nayo inamshinda, mpaka baada ya dakika kadhaa ubongo ulipokubali kurudi.

Mfano wa mtaani ni gari. Magari mengi ya Dar yametoka Japani, na kijiti cha indiketa kiko kulia kwa usukani, waipa kushoto. Ukipewa gari la Ulaya, mara nyingi viko kinyume. Unataka kukata kona ya Msimbazi, waipa zinaanza kupangusa kioo kikavu. Au mfikirie wakala wa fedha: kwenye simu 1-2-3 ziko juu, kwenye kikokotoo ziko chini. Anayetumia vyote kutwa nzima anajua jinsi kidole kinavyoweza kuchanganya mafaili.

Watengenezaji wa gemu wanalijua hili

Mfululizo wa gemu unaishi katikati ya mambo mawili yanayovutana. Usipobadilisha kitu, watu wanasema mmetuuzia gemu ya mwaka jana yenye jezi mpya. Ukibadilisha sana, umewanyang'anya wateja wako mtaji wa vidole.

Chukua GTA. Kwenye San Andreas ya mwaka 2004, kwenye PlayStation 2, gari unalipa moto kwa kitufe cha X. Ilipokuja GTA IV mwaka 2008, moto ukahamia R2, kitufe cha nyuma kinachobonyezwa kwa kidole cha shahada. Kwa aliyezoea San Andreas ilikuwa kero, ila mabadiliko yalikuwa na mantiki: R2 ya pedi ya PS3 inapima umeibonyeza kwa kiasi gani, kama pedeli ya gari, na kidole gumba kinabaki huru kuzungusha kamera. Unalipa gharama ya kujifunza upya, unapata udhibiti mzuri zaidi.

FIFA na PES nazo ziliweka njia ya amani: kwenye mipangilio unaweza kubadilisha vitufe. Shabiki wa PES anaweza kuifanya FIFA ipige shuti kwa mraba, au kinyume chake. Ila hapa bandani kuna kasheshe yake, kwa sababu pedi ni ya wote na atakayekuja baada yako atakuta vitufe vimevurugwa. Hata majina yenyewe yameshabadilika: PES ikageuka kuwa eFootball mwaka 2021, na FIFA ya EA tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Jina linabadilishwa kwa tangazo la siku moja. Vidole vya wachezaji havibadilishwi hivyo.

Au ni uzee?

Wengi waliovuka miaka 30 wakishindwa na toleo jipya wanasema "tumezeeka". Kuna ukweli kidogo. Mwaka 2014, watafiti wa Kanada walichambua wachezaji 3,305 wa StarCraft II, wenye miaka 16 hadi 44, na wakaona kasi ya kuitikia jambo jipya kwenye skrini inaanza kupungua karibu na umri wa miaka 24. Usilie bado. Wachezaji wakubwa walionekana kufidia kwa kucheza kwa mbinu rahisi na zenye mpangilio, bila kupoteza mienendo. Na tofauti yenyewe ni sehemu ndogo za sekunde. Mtu anayepiga krosi badala ya shuti hajakosa sehemu ndogo ya sekunde. Kidole chake kimewahi vizuri tu, kwenye kitufe cha zamani.

Nje ya banda ni hatari

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la utani. Malori yanayotoka bandari ya Dar kwenda Kigali yanavuka mpaka pale Rusumo. Tanzania tunapita kushoto, Rwanda wanapita kulia. Kwa dereva, kila kitu kinafanana: usukani ni uleule, lami ni ileile, breki ni zilezile. Jibu moja tu limegeuka, lile la upande gani wa barabara uende. Kwa maneno ya Osgood, hiyo ni ile hali mbaya kuliko zote. Akiwa macho na barabara ina magari, wenzake wanamkumbusha. Hatari ni usiku, barabara tupu, amechoka, anatoka kwenye kituo cha mafuta. Au kitu kikikatiza ghafla na mwili ukaamua wenyewe pa kukwepea. Uchovu na mshtuko vinarudisha mazoea ya zamani. Onyo la kanuni peke yake halitoshi, kwa sababu dereva anaijua kanuni. Kinachosaidia ni alama barabarani kila anapoanza safari upya, mapumziko, na mazoezi.

Na mzazi anayeuliza kama gemu zinamfanya mtoto awe na akili zaidi shuleni? Thorndike na Woodworth walishamjibu nusu mwaka 1901. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2018 na Giovanni Sala na wenzake, haukuona ushahidi wa maana kwamba kufundishwa gemu kunaongeza uwezo wa akili kwa ujumla. Gemu inakufanya uwe mkali wa gemu, na wa gemu zinazofanana nayo. Icheze kwa sababu ni tamu.

Ufanyeje ukipokea toleo jipya?

Kwanza, angalia vitufe kabla ya mechi na utafute vile vilivyobadilishana kazi, hivyo ndivyo vitakavyokuumiza. Pili, vifanyie mazoezi hivyo tu, bila presha ya mpinzani, uwe peke yako na kipa hata nusu saa. Tatu, ukilale. Utafiti wa mwaka 2002 wa Matthew Walker na wenzake ulionesha watu waliojifunza mfuatano wa kubonyeza vidole wakiwa na kasi zaidi baada ya kulala usiku, bila mazoezi ya ziada. Nne, usiogope kwamba umeipoteza PES yako. Hermann Ebbinghaus alishaonesha mwaka 1885 kwamba kitu ulichowahi kujifunza, hata ukidhani kimefutika, ukikirudia unakishika kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza.

Kama bado huamini, fanya jaribio hili leo, halihitaji pedi. Chukua simu yako, hamisha alama ya WhatsApp na upeleke programu nyingine mahali pake. Kisha hesabu hadi usiku: ni mara ngapi kidole chako kimeenda pale pa zamani, huku wewe unajua kabisa kwamba haipo?