Watani wa Jadi wa Bonde la Lehigh

Huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, iko miji miwili kando ya mto Lehigh. Mmoja ni Bethlehem, wa pili ni Easton. Bethlehem kuna Chuo Kikuu cha Lehigh. Easton kuna Chuo cha Lafayette. Vyuo hivi ni watani wa jadi katika mpira.

Lakini mpira wao si kama huu wetu. Una umbo la yai, na hubebwa mikononi. Kila upande una wachezaji 11. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele meta 9 hivi. Ikishindwa, wenzao huuchukua. Mwenye mpira hukamatwa na kuangushwa chini. Ni mchezo wa nguvu kweli.

Walianza kushindana mwaka 1884. Mwaka 1896 hawakucheza kabisa. Lehigh walikataa, wakisema mchezaji mmoja wa Lafayette alikwisha kucheza mchezo mwingine kwa malipo. Walipatana mwaka uliofuata. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliwazuia. Wakacheza Aprili 2021. Sasa wamekutana zaidi ya mara 150. Hakuna vyuo vingine Marekani vilivyokutana mara nyingi hivyo katika mchezo huu.

Zamani, mchezo ulipokwisha, watazamaji walivamia uwanja na kung'oa magoli ya mbao. Kila mtu alitaka kipande. Hiyo ilikuwa hatari kubwa.

Je, mshindi hupewa kombe? La. Huchukua mpira uliochezewa, ukaandikwa matokeo kwa rangi.