Mkomazi, nyika iliyo nyuma ya milima ya Upare

Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi iko kaskazini mashariki mwa Tanzania, chini ya milima ya Upare na Usambara. Upande wa kaskazini inapakana na Kenya, na ng'ambo ya mpaka huo ni Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 3,200, sehemu ikiwa mkoa wa Kilimanjaro na sehemu mkoa wa Tanga. Abiria wa mabasi ya Dar es Salaam na Arusha huiona milima hiyo kwa saa kadhaa upande mmoja wa barabara, na wengi wao hawajui kwamba nyuma yake kuna tembo, twiga na faru. Penye mji wa Same milima inaachana, na kupitia mwanya huo barabara ya vumbi hufika lango la Zange baada ya kilomita chache tu. Kuna pia mji mdogo unaoitwa Mkomazi kwenye barabara kuu, kusini zaidi. Anayekwenda hifadhini asishuke huko, ashuke Same.

Milima hiyo ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Ndiyo inayoifanya Mkomazi iwe kavu. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zikiwa zimebeba unyevu hukutana na miteremko ya Usambara na Upare, hupanda, hupoa na kumwaga mvua juu. Kwa hiyo kileleni kuna misitu yenye ukungu, migomba na mashamba ya tangawizi, na bondeni, mwendo wa saa chache kwa gari, kuna migunga, mibuyu na vichaka vya miiba vya jamii ya manemane. Vuli hunyesha kuanzia Novemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, lakini hakuna mto mkubwa unaopita katikati ya hifadhi. Mto Umba uko kwenye ukingo wa kusini mashariki tu. Kwingine kote wanyama hutegemea mabwawa na malambo kama lile la Dindira, ambalo ndilo mahali pazuri zaidi pa kusimamisha gari na kungoja.

Ukavu huo ndio sababu kubwa ya kwenda Mkomazi. Anayetafuta makundi makubwa ya nyumbu kama ya Serengeti hatayapata, na akiipima hifadhi hii kwa kipimo hicho ataondoka na kinyongo kisicho cha haki. Hapa ndipo nyika ya Kisomali, ile inayoshuka kutoka Pembe ya Afrika kupitia Kenya, inapofikia karibu na mwisho wake upande wa kusini. Imekuja na wanyama wake, ambao ni adimu katika hifadhi nyingine nyingi za Tanzania.

Wa kwanza ni swala twiga. Ana shingo nyembamba na ndefu, kichwa kidogo, na namna ya kula ambayo hakuna swala mwingine wa nyika hii aliye nayo. Husimama kwa miguu ya nyuma, wima kabisa, akaegemeza ya mbele kwenye tawi au kuiacha ikining'inia, kisha akachagua majani machanga moja moja katikati ya miiba. Nyonga zake zimeumbwa kubeba mkao huo kwa muda mrefu. Kwa njia hiyo hufikia majani yaliyo juu ya uwezo wa swala pala na chini ya midomo ya twiga, na maji yaliyomo ndani ya majani humtosha hata asipofika kwenye lambo. Karibu naye, vichakani zaidi, huishi tandala mdogo, mwenye michirizi myeupe ubavuni. Dume ana pembe zilizojisokota. Ni mwoga, na akisikia mlango wa gari ukifungwa huwa ameshatoweka.

Choroa ni mkubwa kuliko hao wawili, na hupenda sehemu zilizo wazi zaidi. Pembe zake ni ndefu na zimenyooka, na ncha za masikio yake zina vishungi vya manyoya meusi. Jua linapokuwa kali, mwili wake huacha joto lipande kupita kiasi ambacho kingemdhuru mnyama mwingine, badala ya kupoteza maji kwa kutoa jasho. Damu iendayo kwenye ubongo hupozwa kwanza na mishipa midogo iliyo chini ya fuvu, inayopokea ubaridi wa hewa ya puani. Usiku ukiingia, joto lile hutoka lenyewe. Kwa kuwajua wanyama hawa watatu tu, mgeni huanza kuona kwamba pori linalodhaniwa kuwa tupu lina wenyeji wanaolitumia kila jani.

Mkomazi ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, na ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Kati ya miaka hiyo miwili ilipita katika kipindi kigumu. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwamaliza faru weusi na kuwapunguza tembo hadi wakawa wa kuhesabika. Wakati huohuo ng'ombe waliongezeka ndani ya pori, na mwaka 1988 serikali iliwahamisha wafugaji waliokuwa wakiishi humo, wengi wao Wamaasai na Waparakuyo. Baadhi yao walikwenda mahakamani. Shauri lilifika hadi Mahakama ya Rufani, iliyotoa hukumu mwaka 1999, na hawakurudishiwa ardhi. Historia hiyo bado ina uchungu kwa familia nyingi za Same na Lushoto, na mtu anayetembelea hifadhi anastahili kuelezwa hayo pamoja na habari za wanyama.

Mwaka 1989, ambao pia ndio mwaka George Adamson, mlezi wa simba, alipouawa huko Kora nchini Kenya, Mwingereza Tony Fitzjohn aliyekuwa msaidizi wake wa miaka mingi alialikwa Tanzania kusaidia kuifufua Mkomazi. Kazi ilianza kwa kuchonga barabara, kujenga kambi na kuweka mawasiliano ya redio kwa askari. Kisha likajengwa eneo maalumu la faru lenye uzio wa umeme na ulinzi wa usiku na mchana. Faru weusi wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1997 kutoka Addo, Afrika Kusini. Walikuwa wa jamii ya Afrika Mashariki hasa, kwani mababu zao walichukuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, hivyo safari yao ilikuwa ya kurudi karibu na walikotoka. Baadaye wengine walisafirishwa kwa ndege kutoka bustani za wanyama za Ulaya, wakiwemo watatu wa Jamhuri ya Czech mwaka 2009. Faru aliyezaliwa kwenye baridi ya Ulaya hufundishwa polepole: hulishwa majani makavu aliyozoea huku akichanganyiwa matawi ya porini, na huangaliwa kwa karibu asiugue ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Fitzjohn alifariki mwaka 2022. Eneo hilo sasa liko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na sehemu yake imefunguliwa kwa watalii, ambao huingia wakiongozwa na askari wa uhifadhi.

Mradi wa Fitzjohn pia ulizalisha mbwa mwitu na kuwaachia porini. Kumwona mbwa mwitu ni bahati, kwani kundi moja huzunguka eneo kubwa mno. Nafasi nzuri ni alfajiri au jioni, wakati kundi linapoanza kuwinda. Mabaka yao meusi, meupe na ya kahawia hayafanani kwa mbwa wawili, na watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa mabaka hayo.

Tembo wa Mkomazi na wa Tsavo ni jamii moja isiyojua mpaka. Mvua zikinyesha wengi huvuka kuja Tanzania kufuata majani mabichi, na ukame ukishika hurudi Kenya kwenye mito ya kudumu. Kwa hiyo miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ni mizuri kwa kuona wanyama wengine waliokusanyika kwenye maji, na barabara hupitika vizuri; lakini anayetaka tembo kwa wingi afike mvua zikiwa zimeshaanza, akiwa na gari lenye nguvu ya magurudumu manne. Udongo mwekundu wa Mkomazi ukilowa hunasa gari dogo mara moja. Wapenzi wa ndege hawana msimu mbaya. Zaidi ya aina 400 zimeorodheshwa humo, na hakuna anayemsahau kanga mwenye upara kama wa tumbusi na kifua cha buluu inayong'aa.

Kiingilio hulipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, wala si kwa fedha taslimu, na raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiasi kidogo kuliko wageni wengine. Ndani hakuna maduka wala vituo vya mafuta, hivyo maji, chakula na mafuta hununuliwa Same. Kushuka kwenye gari huruhusiwa mahali palipotengwa tu. Aliye na siku ya ziada apande milima yenyewe: katika Msitu wa Chome, wenye kilele cha Shengena cha mita 2,462, huishi kinengenenge wa Upare Kusini, ndege mdogo asiyepatikana kwingine duniani, na katika vijiji vya njiani bado kuna ndiva, mabwawa ya kienyeji ambamo Wapare hukusanya maji ya chemchemi usiku na kuyafungulia mashambani asubuhi kwa zamu.