Chakula cha Kuku na Kiini cha Yai



Akina mama wanaoleta watoto kliniki katika vijiji vyetu vya Bagamoyo huuliza swali hili: "Mbona mayai ya kuku wangu yana kiini cheupe? Je, ni mabovu? Nimpe mtoto au niyauze?" Leo tutalijibu.

Kiini cheupe si ugonjwa. Rangi ya kiini hutoka katika chakula anachokula kuku. Majani mabichi yana rangi ya njano ndani yake. Hatuioni kwa sababu imefunikwa na kijani. Kuku akila majani, rangi ile huingia katika damu yake, kisha katika kiini. Mahindi ya njano pia yana rangi hiyo. Lakini mahindi meupe, muhogo, wali na machicha ya nazi hayana. Haya ndiyo makombo ya nyumba zetu za pwani. Kuku akifungiwa na kulishwa makombo hayo tu, kiini hufifia. Ndiyo sababu kiini huwa cha njano zaidi wakati wa mvua, nyasi zinapokuwa nyingi, na hufifia wakati wa kiangazi.

Je, yai la kiini cheupe lina faida? Ndiyo. Protini yake, inayojenga mwili wa mtoto, haipungui kwa sababu ya rangi. Usilitupe.

Hata hivyo, kiini cheupe hutuambia kwamba kuku hapati majani ya kutosha. Katika majani mna pia kitu ambacho mwili wa kuku hukigeuza kuwa vitamini A, nayo huwekwa ndani ya kiini. Mtoto anayekosa vitamini A huugua upesi, na jioni haoni vizuri. Akiikosa sana anaweza kupofuka. Lakini rangi peke yake si kipimo. Wako wafugaji wakubwa wanaotia rangi katika chakula cha kuku ili kiini kipendeze. Kwa hiyo mtoto apewe yai, na pia mchicha, matembele, papai na embe.

Fanya hivi:

1. Waache kuku watembee na kuchakura. Wakifungiwa, wape kila siku mchicha, matembele au majani ya mlonge yaliyokatwakatwa. Baada ya wiki mbili hivi utaona kiini kimebadilika.

2. Ganda la yai hutokana na chokaa. Ganda likiwa jembamba, okota makombe ufukweni. Yaoshe vizuri kwa maji ya kisima ili chumvi itoke. Yaanike, yaponde, uyaweke katika chombo pembeni. Kuku atadonoa mwenyewe.

3. Dagaa na mabaki ya samaki huwapa kuku protini. Wape kidogo tu, maana yakizidi yai hunuka samaki. Usiwape samaki wa chumvi. Chumvi nyingi huua kuku.

4. Wape maji safi mchana kutwa. Kuku mwenye kiu hatagi vizuri.

Sasa tuseme ukweli. Katika nyumba nyingine mayai yote huuzwa, na fedha hununua soda na biskuti. Hapo mtoto amepunjwa. Uza mengine, lakini ya mtoto yabaki. Mtoto akitimiza miezi 6 anaweza kuanza kula yai pamoja na maziwa ya mama. Wako pia wanaomkataza mama mjamzito asile yai, wakisema mtoto atazaliwa hana nywele. Si kweli. Mama mjamzito ahitaji mayai kuliko wengi wetu.

Chemsha yai mpaka kiini kigande kabisa, maana yai bichi laweza kuleta kuhara. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika kuku au mayai.

Mtoto asiyeona vizuri jioni apelekwe zahanati mara moja. Usingoje.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini kiini hufifia wakati wa kiangazi?

2. Kuku wako hula nini kila siku?

3. Wiki iliyopita, mtoto wako alikula mayai mangapi? Mliuza mangapi?