Kusema Kweli Katika Magazeti ya Elimu: Fundisho Litokalo Kasongo



Padri akiandika kitabu juu ya imani, hakichapwi mara moja. Chapita kwanza mikononi mwa mtu aliyewekwa na Askofu kukichunguza. Huyo asipoona neno linalopinga imani ao mwenendo mwema, aandika maneno mawili ya Kilatini: Nihil obstat, ndiyo kusema, hakuna kizuizi. Sisi wote twajua kwamba maneno hayo hayana maana kwamba mchunguzi akubali kila wazo la mwandishi.

Waganga na wenye elimu nyingine wana desturi iliyo karibu na hiyo. Mtu akitaka kutangaza mambo aliyoyavumbua, apeleka andiko lake kwa gazeti la elimu. Mkubwa wa gazeti alituma kwa watu wawili ao watatu wanaoijua kazi ile, nao walipima: Je, hesabu ni sawa? Je, mwisho wa andiko watoka kweli katika mambo yaliyoonwa? Watu hao twawaita hapa wapimaji. Wao pia hawasemi kwamba andiko ni kweli tupu. Wasema tu kwamba lastahili kusomwa na wengine.

Labda mtu atauliza: mambo hayo yatuhusu nini sisi watu wa Kabambare? Yatuhusu sana, kwa sababu andiko moja lililosomwa mbali lilitoka kwa jirani zetu wa Kasongo.

Tangu miaka ya 1970 waganga walifanya kazi Kasongo pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Inchi za Joto cha Antwerpen, Ubelgiji. Walichanja watoto sindano ya surua, kisha wakawafuata kwa uangalifu, tangu miezi 7 mpaka 35, wakilinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa. Mwaka 1981 walitangaza matokeo katika The Lancet, gazeti la waganga lililoanzishwa London mwaka 1823. Hawakutia jina la mtu mmoja mbele. Walijiita kikundi cha kazi ya Kasongo. Walisema kwamba sindano ilisaidia watoto kuishi, lakini faida ile ilipungua kadiri watoto walivyoendelea kukua. Kwa hiyo wakatia shaka: labda mtoto mnyonge anayeokoka na surua atakufa nyuma kwa ugonjwa mwingine.

Kuuliza hivyo si zambi. Mtu aliyeona jambo lisilopendeza, naye akalificha, ndiye mwenye kosa. Lakini tazameni hatari yake. Wasomaji wengine walishika swali lile kama jibu, wakaanza kusema kwamba sindano ya surua haina faida kubwa. Neno lililochapwa Ulaya laweza kurudi mpaka kijijini, na anayelipa deni lake ni mtoto.

Basi, nani aliponyesha shaka ile? Si amri ya mkubwa. Ni waganga wengine waliopima tena. Peter Aaby, mtu wa Denmark aliyeanza kazi Guinea-Bissau mwaka 1978, alikusanya pamoja na wenzake mapimo 12 ya inchi mbalimbali, na Zaire ilikuwemo, ndilo jina la inchi yetu wakati ule. Mwaka 1995 walitangaza katika gazeti la waganga wa Uingereza kwamba vifo vya watoto waliochanjwa vilipungua kwa sehemu 30 mpaka 86 katika 100. Faida ilikuwa kubwa hata kupita ile iliyongojewa kwa kuzuia surua peke yake. Waliweza kupima tena kwa sababu wa kwanza walionyesha wazi hesabu zao na namna walivyofanya kazi.

Sasa tulinganishe na jambo jingine, juu ya surua vilevile, na katika The Lancet tena. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake waliandika juu ya watoto 12, wakitia shaka kwamba sindano ya surua, matubwitubwi na rubela yaweza kupatana na ugonjwa wa akili ya mtoto uitwao otisimu. Wapimaji waliliachia andiko lile. Nyuma ikaonekana kwamba Wakefield alipokea feza za mawakili waliotaka kuwashitaki watengenezaji wa sindano, naye hakusema. Tena habari za watoto hazikuandikwa kwa kweli. Gazeti lililifuta andiko mwaka 2010, ndiyo kusema, miaka 12 nyuma. Kwa miaka ile yote wazazi wengi waliogopa sindano.

Hapo twaona tofauti ya kosa na uwongo. Kosa lililoandikwa waziwazi laweza kusahihishwa na ndugu. Uwongo hujificha, nao wavunja amri ya nane.

Kwa hiyo kila mmoja ana wajibu wake. Mwandishi asibuni hesabu, asiibe maneno ya mwingine, asifiche aliyemlipa. Mpimaji atunze siri ya andiko, asijitwalie mawazo yaliyomo. Tena kama mwandishi ni rafiki yake ao adui yake, ao kama kazi yenyewe haijui, aseme wazi na kuirudisha. Asahihishe bila matusi. Mkubwa wa gazeti akiona kosa, alitangaze upesi, hata likimwaibisha. Na msomaji asifanye andiko moja kuwa Injili.

Sisi wenyewe tu waandishi. Mseminari anayeandika kazi yake ya mwisho, naye achukua kurasa za mwingine bila kutaja jina, ameiba. Padri anayepeleka kwa Askofu hesabu ya wabatizwa iliyoongezwa ashuhudia uwongo. Katekista anayeandika katika kitabu cha marehemu jina, umri na siku ya mtoto aliyekufa, bila kukisia, afanya kazi ile ile ya waganga wa Kasongo.

Kati ya mwaka 2018 na 2020 surua iliua katika inchi yetu watoto zaidi ya 7,000 wasiotimiza miaka mitano. Mama akija kuuliza nyuma ya Misa kama ampeleke mtoto kwenye sindano, asimjibu kwa habari ya njiani. Tumjibu kwa neno lililopimwa, lakupimwa tena, likasimama: ampeleke.