Mwindo wa Walikale: anayesema "mimi" ni nani?

Mwanafunzi wa fasihi akikuta neno "mimi" ndani ya hadithi, mara nyingi hudhani ni mwandishi anayejisemea. Wanyanga wa Walikale, Kivu Kaskazini, wana utendi unaosahihisha kosa hilo: hadithi ya Mwindo.

Mwaka 1956, kwa siku 12, mzee Candi Rureke aliusimulia kwa Kinyanga mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake, nao wakiandika. Biebuyck na Kahombo Mateene, msomi wa Kinyanga, waliuchapisha mwaka 1969.

Sauti mbili, kinywa kimoja

Shemwindo, mwami wa Tubondo, anakataza wake zake saba wasizae mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa hata hivyo. Baba anamrushia mkuki, anaamuru azikwe mzima, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anapona na kwenda kwa shangazi yake Iyangura.

Anayesimulia hayo ni Rureke. Lakini Mwindo anapoimba, "mimi" inakuwa ya shujaa. Mara nyingine tena, katikati ya wimbo, Rureke anawageukia waandishi walio mbele yake na kuwahimiza waendelee. Hapo "mimi" ni yake mwenyewe. Ndiyo maana walimu wa fasihi hutenganisha msimulizi na mhusika, hata pale wanapotumia kinywa kimoja.

Kazi ya nyimbo

Matukio husimuliwa kwa maneno ya kawaida. Ushairi umo katika nyimbo, zenye marudio na mapigo ya vijana wanaogonga fimbo. Nyimbo hizo si pambo: ndani yake Mwindo anajigamba, anatisha adui na kutangaza safari. Ukiziondoa, matendo yanabaki, lakini humsikii tena Mwindo akijieleza.

Utambulisho hubadilika

Mwanzoni Mwindo anajisifu kuwa mtoto aliyetembea mara tu alipozaliwa. Baadaye anaua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, yaani radi. Nkuba anampandisha angani, ambako anateswa kwa baridi, mvua na jua, na kukatazwa kuua wanyama. Anarudi akiwa mwami mwenye kutunga sheria za kuishi pamoja. Kwa hiyo swali "Mwindo ni nani?" lina jibu moja mwanzoni na jingine mwishoni.

Wanyanga nao hawana Mwindo mmoja tu. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye masimulizi tofauti, kwani kila msimulizi ana njia yake.

Hapo ndipo penye hofu. Kitabu cha 1969 kiko kwa Kinyanga na Kiingereza, wakati vita vimewatoa watu wengi wa Walikale vijijini mwao. Kijana anayekulia Goma, asiyejua vizuri lugha hizo mbili, hawezi kukisoma. Kwake, Mwindo yuko kwa babu au bibi anayemkumbuka bado, na kila mzee anayefariki bila kusikilizwa anaondoka na Mwindo wake.