Bohari ya Habari, London 1626

Hapa Muscat simu zinaanza kulia kabla hatujatoka msikitini alfajiri. Sheria ya viza imebadilika, dawa ya sukari imepatikana, fulani kafariki Unguja. Adhuhuri huyo marehemu anapiga simu mwenyewe, anauliza kwa nini watu wanamlilia.

Vijana wanasema haya kayaleta WhatsApp. Hata kidogo! Mwaka 1626 Ben Jonson, aliyeishi zama za Shakespeare, alionyesha London mchezo wa kuchekesha, The Staple of News, yaani tuseme Bohari ya Habari. (Katika skuli ya misheni niliyosomesha, mtihani ulimtaka Shakespeare tu, Jonson tulimpitia juu juu. Hasara.) Wakati ule magazeti yalikuwa kitu kigeni: karatasi za kwanza za habari kwa Kiingereza zilichapwa Amsterdam mwaka 1620, na London ikafuata mwaka 1621.

Basi katika mchezo, jamaa wamefungua ofisi. Wana watu wao kwenye kasri la mfalme, kanisa la St Paul's, soko la matajiri na mahakama za Westminster. Habari ikifika inaandikwa daftarini, inapangwa na aina yake, inauzwa. Na habari zenyewe! Mfalme wa Uhispania kawa Papa. Galileo ana kioo kinachochoma meli kwa mwanga wa mwezi. Kuna mkunga asiyeonekana, ataingia bandari ya Dunkirk azamishe vyombo vyote.

Anaingia mama muuza siagi, anataka habari za peni nne, yoyote ile, ampelekee padri wa kijijini kwao. Anaambiwa angoje. Mkubwa wa ofisi anaona wateja wakihudumiwa upesi hivyo, ofisi itashuka hadhi. Watu ukumbini walijua siagi ile ni ya nani: mchapaji maarufu wa habari mjini aliitwa Nathaniel Butter, na jina hilo kwa Kiingereza ndiyo siagi.

Lakini kwangu mimi uzito uko kwa kijana Pennyboy. Maskini mmoja kamletea habari kwamba baba yake amekufa. Kijana hakuichunguza, maana ilikuja na urithi. Akashona nguo mpya, akaanza kutapanya. Yule maskini alikuwa ndiye baba mwenyewe, kajibadilisha sura, anamtazama.

Mchezo ulipochapwa mwaka 1631, Jonson aliwaambia wasomaji waziwazi kwamba anachokicheka ni njaa na kiu ya watu kwa karatasi za kila Jumamosi, zisizo na neno la kweli ndani yake. Ofisi yenyewe inayeyuka kama moshi kabla mchezo haujesha. Na wale mabibi wanne wa umbea, aliowakalisha jukwaani wausute mchezo kila sehemu inapomalizika, walikuwa wameshatoa hukumu yao juu ya habari zile: zimechacha, na mpishi hajui kupika. Kuwa ni za uongo, hilo halikuwashughulisha.